Upande wa Witold

Kalina alikuwa amevaa koti la rangi ya haradali lililomkaa kiunoni barabara, na viatu vipya vilivyokuwa vikimla visigino tangu asubuhi. Stesheni kuu ya Bydgoszcz ilijaa watu na masanduku, baridi ya Februari ikiingia kila mlango ulipofunguliwa, na foleni ya tiketi ilisogea kwa mwendo wa konokono. Alipobakiwa na mtu mmoja tu mbele yake, mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu na begi la vyuma begani alichomoza pembeni, akainama dirishani.

"Nauliza tu," alisema.

Hakuna Mpolandi asiyejua maana ya "nauliza tu". Ni wizi wa foleni wenye adabu.

"Bwana," Kalina alisema, "mkia wa foleni uko kule mlangoni."

"Najua, bibi. Nauliza tu."

"Kaulizie kule mlangoni."

"Nikiwa mlangoni huyu mama wa tiketi atanisikiaje?"

"Piga kelele. Kifua unacho."

Foleni nzima ikacheka. Yule bwana naye akacheka, akauliza swali lake, kisha bila haya akatoa pesa akanunua tiketi. Kalina akamtolea uvivu mbele ya kadamnasi: akamwambia kwamba mama yake alimlea lakini hakummaliza. Yule bwana akavua kofia, akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa baraka, akaenda zake.

Dakika chache baadaye walikuwa wanatazamana katika behewa moja, magoti karibu kugusana. Yule bwana akafungua kifurushi chake, akamenya yai la kuchemsha, akamnyooshea.

"Sili mayai ya mwizi," alisema Kalina.

"Mwizi ni mimi, bibi. Kuku hana kosa."

Kalina alijikaza asicheke, akashindwa. Hapo ndipo alipokwisha, ingawa yeye mwenyewe alichelewa kujua.

Mwanamume huyo aliitwa Witold Gorczyca, fundi wa lifti, mgane wa miaka arobaini na minne. Kalina alikuwa mshonaji wa mapazia, miaka thelathini na tisa, mtalaka wa bwana mmoja aliyekwenda Ujerumani kufanya kazi ya msimu mmoja akaona msimu mtamu. Kwa miezi miwili wakaitana "bwana" na "bibi" kama makarani wa benki, huku kila simu ikiwa ya mabishano. Mwezi wa tatu, kwa desturi ya kwetu ya kuzika "bwana" na "bibi", wakapishanisha mikono viwikoni, kila mmoja akanywa bia yake, wakabusiana mashavu, na tangu siku hiyo wakaitana kwa jina tupu. Siku ya pili yake Witold alimwita chura wangu. Huku kwetu mwanamume akipenda humwita mwanamke chura, na mwanamke badala ya kurusha kiatu huyeyuka.

Kalina aliyeyuka, lakini alikuwa na jambo. Tangu Februari hadi Oktoba hakuwahi kumwona hata ndugu mmoja wa Witold. Wakitembea mjini walishikana mikono, ila wakikaribia soko la mboga mkono wa Witold ulichomoka wenyewe ukaingia mfukoni. Jumapili asubuhi hapatikani: eti lifti zimekwama. Kalina alikuwa anataka kitu kimoja tu, wala hakikuwa pete. Alitaka ashikwe mkono mchana kweupe mbele ya watu wa Witold, isemwe huyu ni wangu. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyekwisha kuachwa mara moja haombi jambo kama hilo kwa mdomo. Husubiri, na akisubiri sana huchacha.

Basi jioni moja ya Oktoba, majani ya miti ya mtaani yakiwa yameanza kupukutika, Witold alitandaza ramani ya reli juu ya meza ya jikoni kwa Kalina, kati ya glasi za chai ya limau na sahani ya keki ya jibini.

"Wrocław," alisema. "Tunapanga chumba karibu na stesheni. Asubuhi tunapanda treni tunatoka, jioni tunarudi mjini tunakula. Siku moja Świdnica, siku moja Kłodzko."

"Świdnica kuna nini?"

"Kanisa la mbao, chura wangu. Lote mbao, nje kama ghala, ndani utalia."

"Silii kwa mbao. Na Kłodzko?"

"Ngome juu ya mlima. Chini yake kuna njia za kutambaa."

"Nitambae na koti hili?"

"Utavaa langu."

"Lako linanuka grisi. Na dirishani nakaa mimi, kwenda na kurudi."

"Kwenda wewe, kurudi mimi."

"Kwenda mimi, kurudi mimi, na ukibisha unakwenda peke yako."

Witold akacheka, akatoa simu, akataja tarehe. Kalina akahesabu kwa vidole. Akaweka glasi chini.

"Ijumaa hiyo ni Watakatifu Wote."

"Ndiyo. Kuna mapumziko marefu."

"Mapumziko? Witold, siku hiyo hata walevi wanaoga wanakwenda makaburini! Nani anatalii siku ya marehemu?"

"Watu wengi siku hizi."

"Watu gani? Wasio na mama?" Kalina akamsogezea kipande cha keki, akalainisha sauti. "Sikiliza. Tukae. Asubuhi tunamwashia baba yangu mshumaa, mchana tunakwenda kwa Sabina wako. Nitamnunulia ua mimi mwenyewe. Wrocław haikimbii."

Sabina alikuwa mke wa Witold, amefariki miaka mitano sasa. Witold aliposikia jina hilo alianza kukunja ramani.

"Mwakani," alisema.

"Mwakani kuna nini ambacho mwaka huu hakuna?"

"Kalina, nataka siku nne na wewe mahali ambapo hakuna anayenijua. Ni dhambi?"

Mahali ambapo hakuna anayenijua. Kalina alilisikia neno hilo likishuka kooni kama mfupa wa samaki. Alitaka kumuuliza: ili wasikuone na mimi? Hakuuliza. Alisema sawa, kata tiketi, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino. Witold akakata tiketi za kwenda na kurudi palepale kwenye simu yake, akafurahi, akala na keki ya Kalina.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari, Kalina alisafisha kaburi la baba yake, akawasha mshumaa wake mapema na kumwomba radhi. Kisha akanunua chungu cha maua ya manjano, yale makubwa ya duara, akapanda tramu hadi makaburi ya parokia ya Witold. Hakumwambia mtu. Aliona aibu tu kwamba mke wa watu atalala gizani siku yake, kwa sababu mumewe yuko Wrocław na mshona mapazia. Wafu hawana ubaya na mtu.

Alitafuta safu kwa safu, hadi akaliona: jiwe jeusi, pana, linalong'aa kama meza ya hoteli. Sabina Gorczyca, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Na pembeni yake, kwa herufi zile zile za dhahabu, Witold Gorczyca. Tarehe ya kuzaliwa. Kisha mstari mdogo. Kisha hakuna kitu, jiwe tupu linasubiri.

Kalina si mgeni. Ameona mawe ya namna hiyo maisha yake yote, wazee wamechonga majina yao kando ya wenzao wakabaki wanasubiri zamu. Lakini hao ni wazee. Huyu ni mtu aliyelala kitandani kwake Alhamisi, akakoroma, akamwibia blanketi. Akaegemea jiwe la jirani.

"Wewe ndiye wa mapazia."

Nyuma yake alisimama mwanamke mzee, mdogo wa mwili, koti jeusi, midomo imepakwa rangi nyekundu iliyonyooka bila kutetemeka. Alikuwa amebeba mfuko wa mishumaa ya vioo.

"Ndiye," alisema Kalina.

"Teodozja. Mama wa Sabina." Hakutoa mkono. "Parokia ndogo hii, bibi. Watu wana macho, na wenye macho wana midomo."

"Nimeleta ua."

"Naliona. Liweke pale chini. Si juu ya jina."

Kalina akaweka chini. Yule mama akamwangalia anavyoinama, anavyoinuka.

"Umelisoma jiwe?"

"Nimelisoma."

"Basi umejua nafasi yake ni wapi. Kila Jumapili anakuja hapa, jua, mvua, theluji. Mwanangu yule ni mtu wa ahadi. Mwaka huu ameniambia siku ya Sabina atakuwa kazini, lifti za hospitali." Akatazama koti la haradali, juu mpaka chini. "Lifti yenyewe ndiyo hii, naona."

Maneno yalimjaa Kalina mdomoni, yote mabaya, akayameza kwa sababu ya mvi. Aliaga kwa heshima, akatembea hadi getini akiwa amenyooka, na alipofika nje ya ukuta akalia kwa kelele kati ya wauza maua. Mmoja wao akampa kiti.

Jioni simu ikaita.

"Chura wangu, umeshapanga nguo? Kuna baridi kule."

"Bwana Gorczyca," alisema Kalina.

Mtu akikuita bwana baada ya kukuita kwa jina tupu, bora angekutemea mate.

"Umeniitaje?"

"Kwa jina lako. Nimelisoma leo. Herufi za dhahabu, fundi amejitahidi."

"Ulikwenda makaburini? Bila kuniambia?"

"Nilihitaji kibali?"

"Umenichunguza, Kalina! Umeninyatia mpaka kwa mke wangu!"

"Nilimpelekea mkeo ua, mjinga wewe! Nilimwonea huruma! Kumbe mwenye kuonewa huruma ni mimi, nalala na mtu aliyekwisha kuzikwa!"

"Ngoja nije tuzungumze."

"Uje wapi? Wewe si una makao? Nenda kwenu, jiwe linakusubiri! Na Jumapili zako za 'lifti zimekwama', kumbe lifti iliyokwama ni Sabina!"

Neno hilo lilipotoka, Kalina alilijutia kabla halijafika.

"Usimtaje," Witold alisema polepole. "Niite unavyotaka, lakini yeye usimtie mdomoni."

"Namtaja! Angalau yeye ana jina kwako. Mimi mbele ya watu wako naitwa nani? Lifti za hospitali?"

Akakata simu. Akaizima. Akaiwasha tena baada ya muda akaona ujumbe mmoja: *Tiketi ziko kwangu. Mimi nakwenda. Ukija, njoo.*

Alikwenda. Msiniulize kwa nini. Alijiambia kwamba ameomba ruhusa kazini, ameshona mapazia ya shule nzima ili aipate, na kwamba hawezi kumwachia mwanamume yule kanisa la mbao peke yake. Ukweli ni kwamba mtu mwenye hasira na mpenzi wake huitaka hasira hiyo iwe karibu, aione ikifanya kazi.

Jumatano wakakutana kwenye jukwaa la stesheni kama mashahidi wa pande mbili za kesi. Kalina alivaa koti la haradali na kitambaa cha kijani shingoni, midomo ameipaka rangi kali kuliko kawaida. Witold alikuwa hajanyoa. Tiketi ilikuwa moja kwa watu wawili, na viti vilikuwa vya namba, kwa hiyo walikaa bega kwa bega hadi Wrocław, Kalina dirishani.

Kondakta akaja. "Mko pamoja?"

"Ndiyo," alisema Witold.

"Hapana," alisema Kalina.

Kondakta akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaimulika kwa mashine tiketi kwenye simu ya Witold, akajiendea zake. Alikuwa na ndoa yake nyumbani, hakutaka ya watu.

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja. Kalina akajenga ukuta wa mito katikati, akalala ameupa mgongo. Alhamisi wakapanda treni ya Świdnica. Mashamba ya viazisukari yalikuwa yamevunwa, malundo yamesimama kando ya reli, ukungu umelala mabondeni. Kanisani Kalina alikaa benchi la mbele, Witold benchi la nyuma. Alipoinua macho akaona mbao zimepakwa rangi hadi juu darini, orofa juu ya orofa za viti, malaika wanono wanapuliza tarumbeta. Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kijani. Aligeuka kumwambia Witold kwamba alisema kweli, akakumbuka kwamba hasemi naye, akageukia mbele tena. Hakuna upweke mbaya kama kuona kitu kizuri ukiwa umemnunia mtu aliyekileta.

"Ulilia?" Witold aliuliza nje.

"Vumbi."

"Nilikuona."

"Basi umeniona. Wewe ni hodari wa kuona, na kuficha."

Chakula cha jioni walikula kimya. Supu ya bitiruti ilikuwa nzuri, na Kalina alichukia kwamba ilikuwa nzuri.

Ijumaa, siku yenyewe, mji wote ulikuwa umefunga maduka. Tramu zilipita zimejaa watu wa makoti meusi wamepakata vyungu vya maua. Witold alisema wabaki chumbani. Kalina akasema ng'o, Kłodzko ilipangwa, Kłodzko watakwenda. Treni ya milimani nayo ilikuwa na familia zinazokwenda kwa marehemu wao vijijini. Mbele yao alikaa bibi mmoja mwenye mashavu mekundu, mishumaa ya vioo mapajani, akawatazama kwa wema.

"Mnakwenda kwa nani, wanangu?"

"Kutembea tu, mama," alisema Kalina.

"Kutembea? Leo?" Yule bibi akatazama mikono yao mitupu, bila ua, bila mshumaa. Hakuwa anachokoza, alishangaa tu. "Ninyi hamna wafu?"

Witold akainuka. Alikwenda kusimama mlangoni, paji la uso kwenye kioo, na hakurudi kitini hadi treni iliposimama Kłodzko. Kalina akamfuata jukwaani. Upepo ulikuwa mkali, ngome inaonekana juu, stesheni haina mtu. Witold aliketi kwenye benchi la chuma kama aliyedondoshwa.

"Haya," alisema Kalina, amesimama mbele yake, mikono kiunoni. "Sema, au nipande treni inayofuata nirudi na maisha yangu."

"Sabina alipokufa nilikuwa na miaka thelathini na tisa," alisema Witold. "Fundi wa mawe akaniuliza, tuchonge na lako kabisa? Nikasema chonga. Sikufikiri, Kalina. Wakati ule nilijiona nimekwenda naye. Mama Teodozja akanikumbatia, akasema sasa najua binti yangu hatalala peke yake. Ningesemaje tena? Kisha ukaja wewe, na kelele zako za foleni."

"Usinisifie."

"Kila nikitaka kukupeleka pale, nakuona unasoma. Ningekwambia nini? Karibu, huyu hapa ni mimi?"

"Na sokoni? Unaponitupa mkono?"

"Shangazi yake Sabina anauza karoti pale. Ana mdomo. Angekueleza yeye kabla yangu."

Kalina akamkodolea macho. "Subiri. Kwa hiyo si kwamba unanionea haya?"

"Haya? Wewe?" Witold akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alionekana kushangaa kweli. "Nilikuwa nakuficha jiwe lile. Sikuwa nakuficha wewe. Niliogopa utaondoka."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu kifo chake alikuwa amekichongea jiwe kabisa. Mwanamke mwingine hapo angemkumbatia. Kalina alivua glavu akampiga nayo begani, mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu kwa nguvu.

"Miezi yote hii! Miezi yote nalala nikijiuliza nina nini! Naangalia kioo, naangalia koti, nasema labda ni meno, labda ni ile talaka, labda nacheka kwa sauti! Na wewe unanyamaza! Na unamdanganya hata yule mama mzee, siku ya binti yake!"

"Nitamwambia fundi alifute jina."

"Ukigusa herufi moja pale, mimi na wewe basi!" Sauti yake iligonga kuta za stesheni. "Alikuwa mkeo. Ulimwahidi. Ukifa kalale naye, nani kakukataza? Mimi sigombanii maiti, Witold! Nakutaka unayepumua. Unayekoroma. Nakutaka mchana, sokoni, mbele ya huyo shangazi na karoti zake! Unasikia?"

"Nasikia."

"Unasikia nini?"

"Unanitaka."

"Usinitie maneno mdomoni."

"Umesema mwenyewe. Kłodzko nzima imesikia."

Kalina akaketi kwenye benchi, mbali naye kwa upana wa mtu mmoja, akalia akiwa bado amekasirika. Witold akasogea. Kalina hakumsukuma. Ngome hawakupanda.

"Unataka nini sasa, chura wangu?" aliuliza baadaye.

"Treni ya kurudi."

Usiku huo ule ukuta wa mito haukujengwa, ingawa kila mmoja alivuta blanketi upande wake. Asubuhi wakavunja safari, wakapanda treni ya Bydgoszcz. Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya marehemu wote, mchana wa jua jembamba, na makaburi yalikuwa bado yamejaa watu. Getini Witold akanunua maua, akampa Kalina ayashike, akamshika mkono wa pili. Walipita hivyo katikati ya safu, watu wakisalimia, vichwa vikigeuka. Mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu aliacha kuwasha kiberiti akabaki ameduwaa, na Kalina akajua bila kuambiwa kwamba ndiye mwenye karoti. Mkono wa Witold ulitoka jasho, lakini haukuachia.

Bibi Teodozja alikuwa kwenye jiwe la Sabina, ufagio mdogo mkononi. Usiku kulikuwa na upepo, na majani makavu ya miti yalikuwa yamelifunika jiwe upande mmoja. Aliwaona wakija, akanyooka.

"Lifti zimetengenezwa?" aliuliza.

"Nilikudanganya, mama," alisema Witold. "Nilikuwa Wrocław. Nisamehe. Huyu ni Kalina. Tunaoana."

Kalina akageuka kama aliyechomwa sindano. "Nani kakuambia?"

"Nakuambia sasa."

"Unaniambia? Hivi ndivyo mnavyochumbia kwenu, makaburini, mbele ya mkeo?"

"Ulisema unataka mbele ya watu."

"Nilisema unishike mkono! Nani alitaja ndoa?"

"Kumbe hata hamjaelewana," alisema Bibi Teodozja. "Nendeni mkagombane barabarani. Hapa watu wamelala."

Wakanyamaza wote wawili kama watoto wa shule. Kaburi la jirani watu walikuwa wameacha kupanga mishumaa yao, wanasikiliza bila kujificha. Yule mama mzee alimtazama Kalina kwa muda mrefu, macho makavu, midomo yake myekundu imebanwa.

"Anataka kulifuta jina lake, sivyo?" alisema. "Sema kweli."

"Alitaka," alisema Kalina. "Nimemkataza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuahidi."

Bibi Teodozja akarudi kwenye jiwe. Aliinama kwa shida, akafagia jina la binti yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Alipofika katikati ya jiwe akasimama. Mgongo ulikuwa unamuuma, ilionekana. Akanyoosha ufagio.

"Mimi nina miaka themanini," alisema. "Huu upande wa Sabina ni wangu mpaka nife. Ule wa Witold siuwezi tena. Unajua kufagia?"

"Najua."

"Basi chukua. Usisimame na maua kama bibi harusi."

Kalina akamtupia Witold maua. Akakunja mikono ya koti la haradali, akapiga magoti kwenye kokoto, akaanza kufagia kwa hasira. Majani yakaruka, na jina la Witold likatokea herufi moja moja, kisha mwaka wa kuzaliwa, kisha ule mstari mdogo na utupu wake. Safari hii aliliangalia lote bila kupepesa.

"Nimekubali," alisema bila kumtazama Witold. "Lakini uthubutu kuja kulala hapa mapema. Utanitambua."

Witold akabaki amekumbatia yale maua, machozi yanamtiririka mbele ya parokia nzima.

"Na pembeni," alisema Bibi Teodozja. "Pembeni umeruka."